Makombo Katika Kompyuta ya Shangazi

Kazini walimwita Fagio, na jina hilo hakulipata kwa kufagia sakafu. Sakafu ya kwake, tuseme ukweli, ilikuwa haitazamiki. Alilipata kwa sababu ya kompyuta. Mafundi wenzake walipoondoa programu ambayo mteja haitaki tena, waliishia hapo hapo: programu imetoka, mteja ameridhika, haya, aje mwingine. Fagio hakuweza. Alijua kwamba programu ikiondolewa huacha makombo, yaani mafaili madogo ya mipangilio yanayokumbuka mwenye kompyuta alitaka maandishi yawe makubwa kiasi gani, sauti iwe juu au chini, dirisha lifunguke upande gani. Programu imeshakwenda zake, lakini matakwa ya mtu yamebaki yamejibanza pembeni, hayana wa kuyatimiza. Fagio aliyawinda mpaka la mwisho huku wateja wakitazama saa, na wenzake wakamwambia kwamba siku moja atafuta hata kivuli chake.

Jambo la pili walilolijua kumhusu ni kwamba alijifundisha kusoma mwenyewe. Alilisema kila alipopata nafasi, na nafasi isipopatikana aliitengeneza. Mtu akilalamika kwamba kazi ni ngumu, Fagio alivuta kiti na kuanza: alipelekwa kwa shangazi yake akiwa mkubwa wa kutosha kuonewa aibu, hajui a wala be, shangazi mwenyewe haoni, basi akawa anaivizia kompyuta ya shangazi kila mchana shangazi akijilaza, hadi maandishi yakamwingia kichwani. "Hakuna aliyenishika mkono," alimalizia, akijipiga kifua. Wenzake walikuwa wanaijua hadithi hiyo kiasi kwamba walimsaidia kuimalizia.

Shangazi mwenyewe, dada wa baba yake, alikuwa mchapaji wa mahakama. Walimletea sauti za mashauri zilizorekodiwa, naye akazisikiliza na kuziandika neno kwa neno. Hakuona tangu utotoni, lakini kompyuta yake ilikuwa na programu inayomsomea kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini, na kwa sauti hiyo alichapa haraka kuliko wenye macho yao mawili na miwani juu. Ile kazi ndiyo iliyojenga nyumba, ikamlea Fagio, ikampeleka chuo.

Sasa sauti ilikuwa imeanza kukwama. Ilitamka nusu ya neno, ikanyamaza, ikarudia, na mara nyingine ilikata kabisa shahidi akiwa katikati ya ushahidi. Ilikuwa mbaya zaidi mchana. Kazi mbili zikachelewa. Msimamizi wa ofisi ya kumbukumbu alimpigia simu kwa upole, ule upole unaouma kuliko matusi, akamweleza kwamba ya tatu ikichelewa watampa mchapaji mwingine, naye Shangazi apate muda wa kupumzika. Ya tatu ilitakiwa kesho yake.

Shangazi hakuwa mtu wa kuomba msaada. Alipompigia Fagio, Fagio alidhani kuna msiba.

"Wanataka nipumzike," Shangazi alisema. "Mimi sijachoka. Njoo uiangalie hii kompyuta."

Fagio aliacha mteja mezani, akamwachia mwenzake bisibisi na lawama, akaondoka.

Alimkuta Shangazi kwenye chumba cha kazi, meza imesukumwa ukutani vilevile kama zamani, kibodi imefutika herufi zote kwa kuguswa. Baada ya shikamoo na marahaba, Fagio alibonyeza swichi ya taa. Kiza. Balbu ilikuwa imeungua, na hakuna aliyejua tangu lini, maana mwenye chumba hakuwa na haja nayo. Akafungua pazia, vumbi likamwangukia kichwani, akakaa.

Hakuchukua muda kuona ugonjwa. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na makombo ya kila programu ya kusoma skrini ambayo Shangazi aliwahi kuitumia maishani. Programu zenyewe zilikuwa zimeondolewa zamani, moja baada ya nyingine, kila mpya ilipokuja. Lakini kila Shangazi alipobadilisha kompyuta, mafundi walinakili kila kitu kutoka ile ya zamani bila kuchambua, na makombo yakahama naye kama ukoo mzima. Kompyuta ikiwashwa, maagizo yale ya zamani yaliamka, yakatafuta programu ambazo hazipo tena, na kila moja likang'ang'ania kwamba spika ni yake. Sauti ya sasa, maskini, ilikuwa inajaribu kuzungumza katika chumba kilichojaa watu wanaopigania kiti.

Fagio aliwasema mafundi wale. Aliwaita wavivu, akawaita wababaishaji, akasema watu kama hao wanaharibu jina la kazi. Alikuwa anaendelea vizuri sana mpaka akakumbuka kwamba fundi wa mwisho kumhamishia Shangazi vitu vyake alikuwa yeye mwenyewe, siku moja alipokuwa anawahi harusi. Akakohoa kidogo, akasema hata hivyo tusiwalaumu sana, huenda walikuwa na haraka.

"Huenda," alisema Shangazi, na midomo yake ilikuwa inazuia kicheko.

Fagio alitaka kufuta yote kwa mkupuo mmoja. Shangazi akakataa. Alisogeza kigoda chake hadi magoti yao yakagusana, akasema kwamba humu ndani hakifutwi kitu bila yeye kusomewa jina lake, maana ni vyake na hawezi kuviona vikiondoka. Fagio alimkumbusha habari ya kesho. Shangazi akasema kesho anaijua kuliko yeye, asome tu. Basi ikawa hivyo: Fagio anasoma, Shangazi anasikiliza na kukumbuka, halafu anatoa hukumu.

Kazi iliyopaswa kuwa ya kuchosha ikageuka kuwa ya kuvunja mbavu. Kila programu iliwahi kuwa na sauti yake, na kila sauti Shangazi alikuwa ameipa jina. Alikuwepo Bibi Harusi, aliyechukua muda mrefu kujitokeza kiasi kwamba ukimwasha uliweza kwenda kuoga na kurudi. "Futa," alisema Shangazi. "Na ndoa haikudumu." Alikuwepo Karani, aliyesoma kila kitu kama anasoma mashtaka, hata salamu za sikukuu. Futa. Alikuwepo Mgeni, ambaye maneno yote aliyatamka kama mtu aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi hiyo, na Shangazi alimvumilia kwa muda mfupi tu kwa sababu alikuwa anacheka badala ya kuchapa. Fagio akamwigiza Mgeni akisoma hukumu ya kesi ya mbuzi, Shangazi akashika ubavu na kumwomba aache, anamuua.

Kila moja ilipoondoka, walijaribu sauti ya sasa, ambayo Shangazi aliiita Dada. Dada alizidi kupata nafuu. Lakini bado alikuwa anakwama, na saa ilikuwa inakwenda, na kicheko cha Shangazi kikaanza kuwa kifupi. Mara mbili aliuliza kama kompyuta huwa zinafika mahali haziponi. Fagio alimjibu hapana kwa sauti ya fundi mwenye uhakika, huku mwenyewe hana uhakika wowote.

Ikabaki folda moja, ya zamani kuliko zote.

"Bwana Mafua," alisema Fagio, na sauti yake ikalainika yenyewe.

Huyu alimjua. Huyu ndiye aliyekuwa akizungumza kwa puani miaka ile, alipokuwa mtoto akinyata kwa ncha za vidole hadi kwenye kiti hiki, Shangazi akiwa amejilaza chumba cha pili. Akamwambia Shangazi kwamba kati ya sauti zote Bwana Mafua alikuwa muungwana. Wengine wanakimbiza maneno kama wamechelewa safari, lakini yeye alitamka neno, akangoja, akatamka jingine, na mtoto akapata nafasi ya kulitazama. Alisema wanaotengeneza programu siku hizi hawana ustaarabu ule. Shangazi alikuwa anapapasa ukingo wa meza kwa kidole gumba.

Fagio alikuwa na desturi moja ambayo wenzake waliiona ni kupoteza muda: hakufuta faili la mipangilio kabla ya kulifungua na kulisoma. Akalifungua.

Ndani kulikuwa na mipangilio miwili. Wa kwanza uliitwa Kazi. Huo kasi yake ya sauti ilikuwa karibu na mwisho kabisa, kasi ambayo mtu asiyezoea angesikia mvumo tu. Wa pili uliitwa Mtoto. Kasi yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Uliagiza sauti itue baada ya kila neno. Uliagiza herufi ziwe kubwa. Uliagiza neno linalotamkwa lipakwe rangi ya njano pale pale kwenye skrini, ili jicho lilifuate. Na chini yake palikuwa na agizo la saa: kila siku baada ya chakula cha mchana, Kazi iondoke, Mtoto aingie, alasiri Kazi irudi.

Hilo ndilo lililokuwa linamkaba Dada mchana. Agizo lilikuwa bado linaamka kila siku kwa wakati wake na kujaribu kupunguza kasi, kwa ajili ya programu iliyokwishaondoka.

Fundi ndani ya Fagio alifurahi: ugonjwa umepatikana. Halafu yule mwingine, ambaye si fundi, akarudi kwenye mstari wa rangi ya njano na kuusoma tena. Mtu asiyeona anataka neno lipakwe njano la nini?

"Shangazi," alisema polepole, "huyu Mtoto ni nani?"

"Nyumba hii imewahi kuwa na watoto wangapi?"

Fagio aligeuza kiti kumtazama, ameisahau skrini, jambo ambalo wenzake wa kazini wangelipa kiingilio kulishuhudia.

Shangazi akamweleza, bila haraka, kama anavyoeleza mambo ya kawaida. Alijua tangu siku ya kwanza. Kiti kile kililalamika kikikaliwa, na mtoto yule alikuwa na tabia ya kupumua kwa mdomo akifikiri. Shangazi alikuwa amelala upande wa ukutani akasikia Bwana Mafua anamwagika kwa kasi ya kazi, akamsikia mtoto akihema, akijaribu tena, akizima. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Siku iliyofuata akampigia fundi wa chama cha wasioona aliyemletea kompyuta, akamwomba aje wakati mtoto yuko shuleni. Alitaka sauti iende taratibu kwa wakati ule mmoja wa siku, na alitaka neno lionekane. Fundi akamuuliza neno alipake rangi gani. Shangazi akasema yeye rangi hazijui, watoto wanapenda gani? Fundi akasema yeye hana watoto, lakini njano haijawahi kumkera mtu. Basi ikawa njano.

"Na zile hadithi?" Fagio aliuliza. Alikuwa anazikumbuka, za mbuzi aliyekataa kufungwa kamba, na mama aliyefuga mvua kwenye pipa. Kila baada ya siku chache aliikuta mpya, na utotoni aliamini kwamba kompyuta ndivyo zilivyo, hadithi zinaota humo zenyewe.

"Ulifikiri ni nani mwingine angeandika upuuzi ule?" alisema Shangazi.

Alikuwa akizichapa asubuhi kabla ya kazi. Mchana alijilaza bila kujigeuza, maana kitanda nacho kililalamika, na aliogopa mtoto akisikia atakimbia. Kumbe mchana hakuwahi kulala hata siku moja. Kazi ya mahakama iliyokatizwa aliimalizia baadaye, watu wengine wakiwa wamepumzika.

Fagio alihisi uso unawaka. Alikumbuka mara zote alizojipiga kifua. Alikumbuka hasa siku ya mahafali yake, alipopewa nafasi ya kusema neno, akasimama mbele ya ukumbi na kutangaza kwamba yeye kusoma hakufundishwa na mtu. Shangazi alikuwa amekaa safu ya mbele na gauni jipya, na ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

"Kwa nini hukuniambia? Hata siku ile?"

"Mwanzoni ungeacha. Wewe ukionyeshwa mlango, unaingilia dirishani. Mtu akishika kitabu mbele yako ulikuwa unakwenda kujificha chooni." Shangazi akatabasamu. "Halafu baadaye nikaona unavyojivunia. Nikasema, acha awe nayo. Mimi inanipunguzia nini?"

Fagio alijaribu kusema asante, neno likatoka nusu, kama la Dada. Shangazi, aliyekuwa na masikio ya kusikia hata lisilotamkwa, akamwokoa kwa kuendelea kuzungumza. Alisema na yeye ana lake la kushukuru, asione kama ni deni la upande mmoja. Siku moja asubuhi alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, na mtoto amekaa mezani hana habari. Mara mtoto akasema, kama jambo dogo tu, "Shangazi, huu mkate muda wake umeisha juzi." Alikuwa amesoma kwenye karatasi ya mkate. Shangazi aliweka kisu chini, akaenda bafuni, akafungua maji yamwagike ili asisikike, akalia. Mikate iliyoharibika alikuwa amekula mingi maishani mwake. Tangu siku hiyo hakula mwingine, wala hakumwomba jirani amsomee karatasi ya dawa, wala barua hazikuwekwa tena kabatini zikisubiri mgeni wa kuzisoma.

"Kwa hiyo nilipata faida," alisema. "Na riba juu. Haya, futa hilo. Nina kazi."

Mkono wa Fagio ulikuwa juu ya kipanya na haukutaka kwenda. Yeye, Fagio, aliyefuta makombo ya watu wa kila aina bila kupepesa jicho, alijikuta anatafuta kisingizio. Akasema labda anakili kwanza faili hili kwenye flashi yake, ni dogo, halichukui nafasi, halitamsumbua mtu.

"Hivyo ndivyo yalivyojaa," alisema Shangazi.

"Hili moja tu, Shangazi."

"Umeshajua kusoma, mwanangu. Futa."

Alifuta. Akahakikisha, kama kawaida yake, kwamba hakuna kilichobaki nyuma, safari hii akitazama kupitia machozi, na kwa hiyo alilazimika kuhakikisha mara ya pili. Kisha akaizima kompyuta na kuiwasha upya, nao wakakaa wanasubiri, magoti yao yamegusana.

Dada akaamka safi. Hakukwama, hakurudia, hakumeza neno. Shangazi akafungua kazi ya kesho, akapandisha kasi hadi pale anapoipenda, na chumba kikajaa ule mvumo ambao Fagio alikua akiusikia nyuma ya mlango. Vidole vya Shangazi vikashika kibodi. Alichapa ukurasa mzima, akausikiliza, akarekebisha, akachapa mwingine. Mabega yake, yaliyokuwa yamepanda hadi masikioni tangu asubuhi, yalishuka. Akasema kwa mwendo huu jioni hii hii kazi imekwisha, na msimamizi atafute mtu mwingine wa kumpumzisha.

Fagio angeweza kuondoka. Mteja wake alikuwa anangoja, na mwenzake alikuwa amekwisha kumtumia ujumbe usio na salamu. Alibaki pale pale kwenye kiti, akisikiliza mvumo ambao hakuweza kutoa humo hata neno moja, anamtazama Shangazi akifanya kazi.

Shangazi hakugeuka. Alisikia tu kwamba kiti bado kina mtu. Akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe mara kadhaa, na kasi ya sauti ikaanza kushuka, ikashuka tena, mpaka maneno yakaachana, moja moja, na katikati ya kila neno na jingine pakawa na nafasi. Shahidi. Alisema. Kwamba. Alimwona. Shangazi aliweka mikono mapajani, na kazi yake ya kesho mbele yake, akangoja.

Fagio alimshika bega.

"Asante, Shangazi," alisema, na safari hii neno lilitoka zima. "Rudisha mwendo wako. Mimi umeshanisubiri vya kutosha."